Maswali ya Kisanduku: Kabala ni Nini, na Uzi Mwekundu Umetoka Wapi?

Somo la Jumatano
Soma kwanza: Kumbukumbu la Torati 29:29, 2 Wakorintho 12:1-9, Wakolosai 2:16-23



Wiki tatu zilizopita, baada ya ibada ya katikati ya wiki, mama mmoja wa ushirika wetu wa Kaptembwo alibaki nyuma watu wakitoka. Alikunja mkono wa sweta akanionyesha uzi mwekundu kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, umefungwa mafundo saba. Halafu akatoa ndani ya Biblia yake karatasi iliyopigwa plastiki, imejaa herufi ambazo yeye hakuweza kuzisoma, wala mimi. "Mwalimu," akaniambia, "hii ni ya Mungu ama ni ya shetani? Niambie ukweli, kwa sababu mtoto hajapona."

Mtoto wake wa miaka tisa ana kifafa. Vitu vile alivinunua kwa mtu anayejiita nabii, ambaye alikuwa amekodi chumba cha juu mjini kwa siku chache. Uzi shilingi 500, karatasi shilingi 1,000. Kwa mama anayeuza sukuma wiki na nyanya, hizo si pesa za kuchezea. Aliambiwa karatasi ina majina 72 ya Mungu, kutoka Kabala, "hekima ya siri ya Wayahudi", na kwamba akiyaangalia kila usiku mtoto ataacha kuanguka.

Nilimuuliza dawa za mtoto ziko wapi. Ziko kabatini, akasema. Aliambiwa aziweke kando kwanza zisije zikazuia nguvu ya majina. Wapendwa, hili nalisema hapa mwanzoni ili hata asiyefika mwisho wa somo aondoke nalo. Dawa ya kifafa haikatizwi ghafla. Kuikatiza kunaweza kumwangusha mtoto vibaya kuliko mwanzo, hata kumwua. Nilimsihi mama asubuhi na mapema awe kliniki, awaambie ukweli wote, ni siku ngapi zimekosekana, wamrudishe mtoto kwenye dawa kwa kipimo chao. Akakubali.

Lakini swali lake lenyewe sikulijibu siku ile, na lazima niseme kwa nini. Miaka michache nyuma, kwenye kesha la vijana, nilisimama mbele nikafundisha kwa sauti kubwa kwamba Kabala ni kitabu cha Illuminati cha kuabudu shetani. Watu wakapiga makofi. Kijana mmoja akainua mkono akauliza, "Mwalimu, wewe umekisoma?" Nilimjibu kwa ukali kwamba mambo ya giza hayasomwi. Ukweli ni kwamba sikujua hata kama ni kitabu ama ni nini. Nilikuwa nimesikia tu. Amri ya tisa, Kutoka 20:16, inakataza kumshuhudia jirani uongo, na haisemi jirani awe Mkristo ndipo ihesabike. Kwa hiyo safari hii niliomba wiki tatu nisome. Nilipotangaza kwamba maswali yatiwe kwenye kisanduku, yalikuja mengi kuliko nilivyotazamia. Haya ndiyo niliyoyapata.

Swali lililorudiwa zaidi: Kabala ni nini hasa?

Neno ni la Kiebrania na maana yake ni kupokea, yaani mafundisho ambayo mtu ameyapokea kwa mwalimu wake, naye mwalimu aliyapokea kwa mwingine. Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna ndugu ya neno hilo mdomoni kila siku: kukubali. Tulilitoa kwenye Kiarabu, na Kiarabu na Kiebrania ni ndugu wa tumbo moja. Sasa ukiona Kabala, usione neno la kutisha. Ona mtu ameketi miguuni pa mzee, anapokea.

Kabala si kitabu kimoja. Ni njia ambayo baadhi ya Wayahudi wameisoma Torati wakitafuta maana ya ndani, na vitabu vyake ni vingi. Kilicho kikuu kinaitwa Zohari, maana yake mng'ao. Kilianza kusambaa Uhispania mwishoni mwa karne ya 13 kupitia mkono wa mtu aitwaye Moses de León. Wanaokiheshimu wanasema maneno yake ni ya rabi Shimoni bin Yokai aliyeishi karne ya 2. Wanazuoni wengi wa siku hizi, Gershom Scholem akiwa mbele yao, wanaona sehemu kubwa iliandikwa na de León mwenyewe. Kwa vyovyote vile, atakayekuambia kwamba Sulemani alikiacha kitabu cha Kabala hekaluni, muulize amesoma wapi.

Na swali wanalohangaika nalo ni swali ambalo Sulemani aliliuliza kweli, alipokuwa akiliweka wakfu hekalu, 1 Wafalme 8:27. Mungu ambaye mbingu hazimtoshi, anakaaje na watu duniani? Wenye Kabala wakasema: Mungu katika nafsi yake hatumfikii kabisa, hata kwa mawazo. Wakamwita Ein Sof, yaani Asiye na Mwisho. Lakini huyo Asiye na Mwisho amejidhihirisha, na kudhihirika kwake wakakuhesabu kumi. Hizo kumi ndizo wanaziita sefiroti: taji, hekima, ufahamu, fadhili, nguvu, uzuri, ushindi, fahari, msingi na ufalme. Ukifungua 1 Mambo ya Nyakati 29:11, sala ya Daudi, utaona mengi ya majina hayo wameyatoa pale pale.

Kijana mmoja wa kwaya akaniuliza: Si hiyo ni miungu kumi? Wao wenyewe wanakataa. Moses Cordovero, mwalimu aliyefariki 1570 katika mji wa Safed kule Galilaya, alitoa mfano wa maji. Maji hayana rangi. Yamimine kwenye chupa ya kijani utasema ni kijani, yamimine kwenye ya kahawia utasema ni kahawia, lakini maji ni yale yale. Chupa ndiyo inayokuonyesha rangi. Huo ni mfano mzuri, hata mtoto wa shule ya Jumapili anaushika. Walakini hofu ya kijana wetu si ngeni. Katika karne ile ile ya 13, Myahudi mwingine wa Uhispania aliyefuata Kabala ya aina nyingine, Abraham Abulafia, aliwashutumu wenzake kwamba Wakristo wamemfanya Mungu kuwa watatu, na wao wamemfanya kumi! Nilicheka niliposoma hayo. Hapo sisi na wao tumepigwa kwa fimbo moja.

Baadaye Wayahudi wakafukuzwa Uhispania, mwaka 1492. Fikiria watu wanatoka kwenye nyumba zao na kinachobebeka mkononi tu. Sisi wa Nakuru, Molo na Njoro hatuhitaji kuelezwa hilo linafananaje. Kuna walio kanisani humu waliolala Uwanja wa Maonyesho mwaka 2008 wakiwa na magodoro na watoto. Baadhi ya vizazi vya wale waliofukuzwa walifika Safed, na huko akatokea Isaac Luria, aliyekufa 1572 akiwa na miaka 38 tu. Mwenyewe aliandika kidogo sana. Mafundisho yake yaliandikwa na wanafunzi, hasa Hayyim Vital. Luria alifundisha hivi. Ili pawe na nafasi ya dunia, Asiye na Mwisho alijivuta nyuma kidogo, kama mama anayesogea kitandani mtoto apate pa kulala. Kisha akamimina nuru kwenye vyombo. Vyombo vikashindwa kuibeba, vikapasuka, na cheche za nuru zikatawanyika kila mahali, hata mahali pachafu. Na kazi ya mwanadamu, kwa sala na kwa kila tendo la kushika amri, ni kuziokota cheche hizo na kuzirudisha kwa mwenyewe. Kuokota huko wanakuita tikuni, yaani kutengeneza kilichoharibika.

Nimelisoma jambo hilo mara nyingi. Nakiri lilinigusa, kwa sababu ni mafundisho ya watu walioona nyumba zao zimevunjika wakauliza ni nini kilichovunjika huko juu. Lakini hapo ndipo njia zetu zinapoachana, na ni lazima tulione. Kwa Luria, kupasuka kulitokea ndani ya uumbaji wenyewe, kabla Adamu hajala tunda lolote. Sisi tunasoma Mwanzo 1:31 kwamba Mungu alitazama vyote alivyofanya akaona ni vyema sana, na tunasoma Warumi 5:12 kwamba uharibifu uliingia kwa dhambi ya mtu. Tena kwao cheche zinaokotwa na mikono mingi, vizazi kwa vizazi. Sisi tunakiri kwamba aliyevipatanisha vitu vyote ni mmoja, na alivipatanisha kwa damu ya msalaba wake, Wakolosai 1:20. Hii si tofauti ndogo ya kupuuza. Lakini pia si uabudu shetani.

Je, Kabala na Illuminati ni kitu kimoja? Hapana. Illuminati kilikuwa chama cha siri kilichoanzishwa Bavaria, Ujerumani, mwaka 1776 na Adam Weishaupt, profesa wa sheria, na serikali ya huko ilikikandamiza ndani ya miaka kumi. Nafikiri hofu yetu sisi Wakenya ina historia yake. Walio na umri wangu watakumbuka Rais Moi alivyounda tume mwaka 1994 kuchunguza ibada ya shetani, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, na ripoti ikafika bungeni 1999. Miaka ile kila mtu alikuwa na habari ya pete, nyoka na matatu isiyoshusha abiria. Sisemi maovu hayapo. Nasema tulizoea kuunganisha kila jina geni na hofu ile moja, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Tena Wayahudi si watu wa kusikia tu kwa mbali. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza ilitaka kuwapa nchi ya Uasin Gishu iwe makao yao. Wajumbe watatu wakashuka Mombasa mwanzoni mwa 1905, wakaja kwa gari moshi mpaka hapa Nakuru, ndipo wakaanza kutembea kwenda kuiona. Waliporudi, mkutano wa Wazayoni wa mwaka huo ukaikataa. Gilgil, mnaoijua kwa kambi za jeshi, Waingereza waliwafunga huko Wayahudi waliopigana nao Palestina, kutoka 1947 hadi Julai 1948. Na leo, upande wa Ol Kalou, pale Kasuku, kuna Wakenya wenzetu wanaoshika Uyahudi, ambao safari yao ilianzia kwenye kanisa la Kimesiya. Uganda, karibu na Mbale, wako Abayudaya tangu Semei Kakungulu alipoishika Torati mwaka 1919. Ukiingia sinagogi yao Ijumaa jioni utasikia wimbo wa kuikaribisha Sabato kama bibi arusi. Wimbo huo uliandikwa Safed, na rabi mwenye Kabala, Shlomo Alkabetz, karne ya 16. Unaona Kabala ilivyofika kwa jirani? Ilikuja ndani ya sala ya watu wanaoingia Sabato, na hakuna aliyelipia.

Sasa turudi kwa uzi.

Uzi mwekundu unajulikana sana kwenye kaburi la Raheli karibu na Bethlehemu. Watu huuzungusha kaburi, kisha hukatwa vipande vikafungwa mkono wa kushoto kuzuia kijicho. Kuanzia miaka ya 1990 wasanii wa Marekani, Madonna akiwa mmoja wao, wakaanza kuonekana nao, na ukawa mtindo. Mimi nilitarajia kukuta kwamba marabi wa kale wanausifu. Nilikuta kinyume. Kwenye Tosefta, mkusanyo wa kale wa mafundisho ya marabi, kuna orodha ya mambo ambayo Myahudi asiyafanye kwa kuwa ni desturi za Waamori, na kufunga uzi mwekundu kidoleni kumo ndani. Yaani walimu wa Kiyahudi walikuwa wakiukemea zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Zohari kusomwa na mtu yeyote. Uzi wa kijicho ni mambo ya bibi zetu. Pwani ni hirizi, huku kwetu ni uzi ama shanga kiunoni mwa mtoto. Nabii wa chumba cha juu aliubadilisha jina tu, akaupa pasipoti ya Israeli.

Mama aliniambia kwamba alisomewa habari za Rahabu na kamba nyekundu, Yoshua 2. Nendeni mkasome sura yote. Rahabu hakununua kamba. Wapelelezi walimwapia, na kamba ikawa alama ya kiapo chao, ili jeshi likifika lijue dirisha ni lipi. Aliyemwokoa ni Mungu aliyemwogopa na watu waliotunza neno lao. Kamba ingefungwa kwenye dirisha la jirani ambaye hajaapiwa, ingebaki kamba.

Majina 72 je? Hapo kuna kitu cha kweli ndani ya uongo, na ndiyo maana watu wananaswa. Chukua Kutoka 14, aya ya 19, 20 na 21, Israeli wakiwa mbele ya bahari. Kwa Kiebrania kila aya ina herufi 72. Wenye Kabala wakaziandika aya hizo moja juu ya nyingine, ya katikati ikirudi kinyumenyume, wakasoma kutoka juu kwenda chini herufi tatu tatu. Ndipo wakapata majina 72. Basi. Karatasi ya mama ilikuwa ni hiyo. Mwanafunzi wa Kiebrania anaweza kuitengeneza kwa jioni moja, bila upako wowote. Na kile kisa chenyewe kinatufundisha nini? Aya ya 13 na 14 Musa anawaambia watu wasiogope, watulie, BWANA atawapigania. Watu waliokuwa wamesimama pale hawakuwa na karatasi.

Kuhusu hesabu za herufi nitapita haraka. Kiebrania hakina tarakimu zake, herufi ndizo namba: ya kwanza ni 1, ya pili ni 2. Kwa hesabu hiyo neno "mmoja" linatoa 13, neno "upendo" linatoa 13, na ukizijumlisha unapata 26, ambayo ndiyo hesabu ya jina la BWANA. Ni tamu, sikatai. Hata Ufunuo 13:18 inamwambia mwenye akili ahesabu. Lakini kwa namba mtu anaweza kuthibitisha lolote analotaka, na nimeona ndugu akihesabu namba ya gari la mkwewe.

Mwingine aliuliza: Kama si ya shetani, kwa nini Wayahudi wenyewe wanaificha? Hili ndilo swali bora kuliko yote, na kama una dakika kumi tu, soma hapa.

Wao wana kisa cha kale sana, kipo kwenye Talmudi. Wanaume wanne waliingia bustanini, maana yake walijitosa katika siri za Mungu. Mmoja alitazama akafa. Wa pili alitazama akapoteza akili. Wa tatu akaikata miche, yaani akaiacha imani. Ni rabi Akiva peke yake aliyetoka kwa amani. Na hawa hawakuwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, walikuwa vigogo. Kwa sababu hiyo walimu wao walisema mwono wa gari la Ezekieli, sura ya 1, usifundishwe hata kwa mtu mmoja, isipokuwa awe na hekima na anajielewea mwenyewe.

Walipolegeza, waliumia. Mwaka 1665 alitokea Sabbatai Zevi, mzaliwa wa Smirna, mji ambao sisi tunaujua kwenye Ufunuo 2:8. Alikuwa na nabii wake, Nathan wa Gaza, aliyejua Kabala ya Luria vizuri sana. Nathan akatangaza kwamba huyu ndiye Masihi, na cheche zimekaribia kuisha kuokotwa. Habari zikaenea kutoka Yemen hadi Uholanzi. Watu wakafunga, wakauza nyumba. Mama mmoja wa Ujerumani, Glückel wa Hameln, ameandika katika kumbukumbu zake jinsi baba mkwe wake alivyoyaacha makao yake, akapeleka Hamburg mapipa yaliyojaa vitambaa, njegere, maharagwe na nyama kavu, tayari kwa safari ya meli kwenda Yerusalemu. Mapipa yalikaa pale miaka. Kwa maana mnamo Septemba 1666 Sabbatai alipelekwa mbele ya Sultani wa Uturuki, akachaguzwa kati ya kufa na kusilimu, akavaa kilemba.

Mapipa yale yamenikaa moyoni. Yule mzee hakuwa mjinga wala mwovu. Alimpenda Mungu, akamwamini mtu aliyejua siri. Wapendwa, hatuna haja ya kwenda Hamburg kuyaona mapipa hayo. Mwaka 2023 pale Shakahola, Kilifi, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni, ya watu waliofunga wakidhani wanaenda kumlaki Yesu. Hakukuwa na Kabala pale. Kulikuwa na Biblia ya Kiswahili kama hii niliyoshika.

Baada ya Sabbatai, marabi wakajenga ua upya. Mwaka 1756 mkutano wao wa Brody, Poland, ukaagiza kwamba mtu asisome Zohari kabla ya miaka 30, wala maandiko ya Luria kabla ya 40. Kwa hiyo ukiulizwa kwa nini waliificha, jibu ni hilo. Walikuwa wameona yanayowapata watu wanaopewa siri kabla ya msingi.

Na sisi? Yuko mtu wetu mmoja aliyeingia bustani hiyo akatoka. Soma 2 Wakorintho 12. Paulo alinyakuliwa mpaka mbingu ya tatu, akasikia maneno yasiyotamkika. Akakaa miaka kumi na minne kimya! Hata alipolazimishwa kusema, alisema kama anazungumzia mtu mwingine. Hakuandika karatasi ya maneno yale. Hakufungua chumba mjini Korintho. Alichotuachia kutoka safari hiyo ni mwiba, na maombi matatu ambayo hayakujibiwa alivyotaka, na neema iliyomtosha. Wapo humu wanaoomba mwaka wa nne, wa tano, kwa ajili ya mtoto mgonjwa. Paulo ni mwenzenu kuliko yule anayewauzia majina.

Je, Mkristo anaweza kusoma Kabala? Wamesoma wengi. Giovanni Pico wa Mirandola, Mwitalia, mwaka 1486 alidai Kabala inathibitisha uungu wa Kristo. Johannes Reuchlin wa Ujerumani aliandika vitabu viwili juu yake, na mwaka 1510, wengine walipotaka vitabu vya Wayahudi vichomwe, yeye alisimama akavitetea. Namheshimu sana kwa hilo. Lakini Pico sikubaliani naye. Ukichukua hekima ya mwenzio ukaipindua ili ishuhudie unachotaka wewe, hujaipokea, umeipokonya. Kwa hiyo jibu langu: mwenye elimu na msingi asome kama anavyosoma imani ya jirani, kwa heshima, akijua ni yao. Asiye na msingi, bado hajamaliza Waraka kwa Waebrania. Sura ya 10:19-20 inasema njia ya kuingia patakatifu imeshafunguliwa, kupitia pazia. Mimi nimeokoka miaka mingi, na bado sijamaliza kuitembea hiyo iliyo wazi.

Juma lililopita nilimtembelea mama nyumbani pamoja na mzee wa ushirika. Nilimwomba msamaha, kwa maana kama ningefundisha vizuri kwenye kesha lile badala ya kupiga kelele, huenda angetambua anachouziwa. Alinitazama akasema, "Mwalimu, hata ungefundisha, ningenunua. Hujamshika mtoto wako akianguka." Sikuwa na neno. Kijana amerudi kwenye dawa. Ameanguka mara moja tangu hapo, si mara nne kwa wiki kama wakati ule. Pesa hazijarudi, na chumba cha juu kimekodiwa na fundi wa nguo. Uzi aliukata mwenyewe kwa kisu cha mboga, karatasi akaniachia, na nimeiweka ofisini kwa anayetaka kuiona. Naomba tu msiichome. Ndani yake mna herufi za Kutoka 14.

Jumatano ijayo tunaanza Ezekieli 1, saa kumi na moja na nusu jioni. Njoo na Biblia na kalamu. Ushirika wa Kaptembwo wanachanga nauli ya kliniki ya kijana kila mwezi. Anayetaka kushiriki amwone mzee wa ushirika. Kisanduku cha maswali bado kiko mlangoni.